Kujenga Maabara ya Mitandao kwa Mashine Pepe: Mwongozo Kamili kwa Wakufunzi wa Kompyuta

Darasa langu la kwanza la mitandao lilikuwa na wanafunzi 40 na ruta mbili, na ruta moja kati ya hizo ilifungiwa kabatini kwa sababu aliyeitumia mwisho alibadilisha nywila na kuisahau. Wanafunzi walijifunza kwa kunakili amri kutoka ubaoni. Walifaulu mtihani, lakini walipokwenda kwenye mafunzo kazini na kukuta kompyuta isiyofika kwenye seva, wengi hawakujua waanzie wapi. Hawakuwahi kuuona mtandao ukivunjika mbele yao, na wala hawakuwahi kuruhusiwa kuuvunja.

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, huondoa kikwazo hicho. Kompyuta moja ya kawaida inaweza kubeba ndani yake ruta, seva na kompyuta ya mtumiaji, vyote vikiunganishwa kwa swichi ambazo hazipo popote isipokuwa kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi akiharibu, mashine hurudishwa ilivyokuwa ndani ya dakika moja. Mwongozo huu umejengwa juu ya msingi huo: kila hatua iliyomo inalenga kupata maabara ambayo kosa la mwanafunzi halimgharimu mtu kitu.

Nitatumia VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, na Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwa sababu vyote viwili ni vya bure na vinafanya kazi vizuri kwenye kompyuta za umri wa kati. Anayefahamu KVM, teknolojia nyingine ya mashine pepe ambayo imekuwa sehemu ya kerneli (kiini) ya Linux tangu mwaka 2007, anaweza kufuata mpangilio uleule kwa amri tofauti kidogo.

Hatua ya kwanza: kagua kompyuta mwenyeji

Kompyuta mwenyeji ni ile halisi iliyo mezani. Kwa maabara ya mashine tatu, RAM ya GB 8 inatosha, kwa kuwa Debian isiyo na mazingira ya picha huendeshwa vizuri kwa MB 512 tu. Mashine tatu zitachukua GB 1.5, na kinachobaki kitamtosha mwenyeji pamoja na kivinjari alichokifungua mwanafunzi. Diski ya SSD hurahisisha kazi kuliko prosesa ya kisasa. Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, anza na diski.

Prosesa nayo lazima iwe na uwezo wa kuendesha mashine pepe, ambao Intel huuita VT-x na AMD huuita AMD-V. Karibu kila prosesa ya miaka kumi iliyopita inao, ila mara nyingi umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuwaka. Kwenye Linux, amri hii ikirudisha sifuri, prosesa haina uwezo huo au umezimwa kwenye BIOS:

    grep -E -c 'vmx|svm' /proc/cpuinfo

Ikirudisha namba nyingine yoyote na bado VirtualBox ikakataa, ingia kwenye BIOS ukauwashe. Mitego miwili zaidi hupoteza saa nzima za watu. Kwenye Windows, kama Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, imewashwa, VirtualBox hulazimika kupitia kwayo na mashine huwa nzito. Dalili yake ni alama ndogo ya kasa wa kijani chini ya dirisha la mashine. Kwenye Linux yenye kerneli 6.12 au ya baadaye, KVM huishika prosesa mara tu inapopakiwa, na VirtualBox hulalamika kwamba VT-x inatumiwa na mwingine. Kuiondoa kwa `sudo modprobe -r kvm_intel`, au `kvm_amd` kwa prosesa za AMD, humaliza tatizo mpaka kompyuta itakapowashwa upya.

Hatua ya pili: chora mtandao kwenye karatasi

Usifungue VirtualBox kabla ya kuchora. Mchoro wetu una mitandao miwili na ruta katikati yake. Mtandao wa kwanza tuuite `ofisi`, wenye anwani za 10.10.1.0/24, na humo ndimo inamokaa kompyuta ya mtumiaji. Wa pili tuuite `huduma`, wenye anwani za 10.10.2.0/24, na humo inakaa seva ya wavuti. Ruta ina kadi tatu za mtandao: moja inatazama nje, moja ofisi, moja huduma. Anwani hizi zinatoka katika fungu la 10.0.0.0/8, lililotengwa kwa mitandao ya ndani kupitia waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996, kwa hiyo hazitagongana na anwani yoyote ya intaneti.

Kila mwanafunzi achore mchoro wake kwa mkono na kuuweka kando ya kibodi wakati wote wa zoezi. Mwanafunzi anayeangalia karatasi huuliza, "Pakiti sasa iko wapi?", ilhali anayeangalia skrini peke yake huuliza, "Niandike amri gani?" Swali la kwanza ndilo tunalolifundisha.

Hatua ya tatu: elewa aina za muunganisho kabla ya kuchagua

VirtualBox hutoa njia kadhaa za kuunganisha kadi ya mtandao ya mashine pepe, na kosa kubwa kuliko yote katika maabara za namna hii hufanyika hapa.

Njia ya `nat` humpa kila mashine mlango wake wa kutokea. Mashine hupata anwani 10.0.2.15, lango lake huwa 10.0.2.2, na hakuna aliye nje anayeweza kuifikia bila kupangiwa njia. Njia ya `intnet` huunda swichi iliyofungwa kabisa: mashine zenye jina moja la mtandao huonana, na hazionani na kitu kingine chochote, hata kompyuta mwenyeji. Njia ya `hostonly` inafanana nayo, ila mwenyeji naye huingizwa. Kisha ipo `bridged`, ambayo huichomeka mashine pepe moja kwa moja kwenye mtandao halisi wa jengo, kana kwamba ni kompyuta nyingine iliyoletwa na kuunganishwa ukutani.

Hiyo ya mwisho usiiruhusu katika maabara ya wanafunzi. Katika chuo kimoja nilichofundisha, mwanafunzi aliyekuwa akifanya zoezi la DHCP, huduma inayozigawia kompyuta anwani zenyewe, aliacha kadi yake kwenye `bridged`. Seva yake ikaanza kugawa anwani kwa kompyuta za idara ya uhasibu iliyokuwa ghorofa ya chini, nazo zikapoteza njia ya kwenda kwenye mfumo wa ada, siku ya mwisho ya malipo. Ilituchukua asubuhi nzima kugundua chanzo. Mwanafunzi hakuwa amekosea zoezi; alilifanya vizuri kabisa. Aliyekosea ni mimi niliyempa maabara isiyo na ukuta.

Hatua ya nne: tengeneza mashine mama

Tengeneza mashine moja kwa uangalifu, kisha uizalishe. Unda mashine pepe iitwayo `msingi`, yenye kadi moja ya `nat`, diski ya GB 8 na RAM ya GB 1 wakati wa kusakinisha. Baadaye utaishusha hadi MB 512. Sakinisha Debian bila mazingira ya picha, ukichagua seva ya SSH (ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) na zana za kawaida za mfumo peke yake. Kisha ongeza zana ambazo mashine zote zitazihitaji:

    apt install tcpdump traceroute curl nftables

Kama intaneti yenu ni ya vifurushi au inasuasua, mahali hapa ndipo pa kuokoa gharama. Sakinisha `apt-cacher-ng`, programu inayotunza nakala za vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwenye kompyuta ya mkufunzi, inayosikiliza katika mlango 3142, kisha ndani ya `msingi` unda faili `/etc/apt/apt.conf.d/01kache` lenye mstari mmoja, ukiweka anwani halisi ya kompyuta ya mkufunzi:

    Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.20:3142";

Tangu hapo kifurushi hupakuliwa kutoka intaneti mara moja tu, na wanafunzi 39 wanaofuata hukipata kutoka ndani ya chumba.

Kabla ya kuizalisha mashine mama, futa vitu vinavyoitambulisha. Kila mfumo wa Debian una namba yake ya utambulisho katika `/etc/machine-id` na funguo zake za SSH. Nakala zikibaki na namba moja, baadhi ya programu za DHCP zitaziona kama mashine moja na kuzipa anwani moja, na mwanafunzi atahangaika na hitilafu isiyokuwemo kwenye mchoro wake. Kwa hiyo, ukiwa `root`, yaani msimamizi wa mfumo:

    apt clean
    truncate -s 0 /etc/machine-id
    rm /etc/ssh/ssh_host_*
    poweroff

Usiiwashe tena baada ya hapo, maana ikiwaka itajitengenezea namba mpya na kazi yako itakuwa bure. Ikiwa imezimwa, ipunguze RAM, kisha ichukulie snapshoti, yaani picha ya hali yake ilivyo wakati huo, ambayo unaweza kuirudia wakati wowote:

    VBoxManage modifyvm msingi --memory 512
    VBoxManage snapshot msingi take safi

Hatua ya tano: zalisha mashine tatu

Tumia kloni zilizounganishwa. Kloni ya namna hii hainakili diski nzima, bali huhifadhi tofauti tu kati yake na mashine mama, kwa hiyo mashine tatu huanza zikiwa na MB chache kila moja.

    VBoxManage clonevm msingi --snapshot safi --options link --name ruta --register
    VBoxManage clonevm msingi --snapshot safi --options link --name seva --register
    VBoxManage clonevm msingi --snapshot safi --options link --name mteja --register

Sasa unganisha kadi kulingana na mchoro:

    VBoxManage modifyvm ruta --nic1 nat --nic2 intnet --intnet2 ofisi --nic3 intnet --intnet3 huduma
    VBoxManage modifyvm seva --nic1 intnet --intnet1 huduma
    VBoxManage modifyvm mteja --nic1 intnet --intnet1 ofisi

Ziwashe. Katika kila moja, tengeneza funguo mpya za SSH kwa `ssh-keygen -A`, kisha uipe jina lake kwa `hostnamectl set-hostname` na ulirekebishe jina hilo katika `/etc/hosts`. Mwanafunzi mwenye madirisha matatu meusi yanayofanana huandika amri ya ruta ndani ya seva mara nyingi kuliko unavyodhani, na jina lililo mwanzoni mwa mstari ndilo linalomwokoa.

Hatua ya sita: ipe ruta kazi yake

Ndani ya VirtualBox, Debian kwa kawaida huzipa kadi tatu za kwanza majina enp0s3, enp0s8 na enp0s9. Kadi ya kwanza ya ruta imekwisha kupata anwani kutoka VirtualBox. Ongeza mistari hii katika `/etc/network/interfaces`:

    auto enp0s8
    iface enp0s8 inet static
        address 10.10.1.1/24

    auto enp0s9
    iface enp0s9 inet static
        address 10.10.2.1/24

Linux haipitishi pakiti za watu wengine mpaka iambiwe. Weka `net.ipv4.ip_forward=1` katika faili `/etc/sysctl.d/ruta.conf`, kisha endesha `sysctl --system`. Ili mitandao ya ndani ifike intaneti kwa kutumia anwani ya ruta, ongeza katika `/etc/nftables.conf`:

    table ip nat {
        chain postrouting {
            type nat hook postrouting priority srcnat; policy accept;
            oifname "enp0s3" masquerade
        }
    }

Washa kwa `systemctl enable --now nftables`. Kisha sakinisha `dnsmasq`, programu ndogo inayofanya kazi ya DHCP na DNS (kutafsiri majina kuwa anwani) kwa pamoja, na uipe mpangilio huu katika `/etc/dnsmasq.d/maabara.conf`:

    interface=enp0s8
    interface=enp0s9
    no-dhcp-interface=enp0s9
    dhcp-range=10.10.1.100,10.10.1.150,12h
    address=/wavuti.maabara.test/10.10.2.10

Nimetumia mwisho wa `.test` kwa makusudi. RFC 2606 ya mwaka 1999 iliutenga kwa majaribio, kwa hiyo jina hilo halitakuwa la mtu yeyote kwenye intaneti.

Kwa upande wa seva, badilisha mpangilio wa enp0s3 uwe wa kudumu, wenye anwani 10.10.2.10/24 na `gateway 10.10.2.1`, kisha uandike `nameserver 10.10.2.1` katika `/etc/resolv.conf`. Zima na uwashe ruta kwanza, seva ifuate, mteja awe wa mwisho. Sakinisha nginx, programu ya kutoa kurasa za wavuti, kwenye seva. Sasa mteja akiendesha `curl http://wavuti.maabara.test`, atapata ukurasa wa kukaribisha wa nginx. Pakiti zilizouleta ukurasa huo zimevuka mitandao miwili ambayo mwanafunzi ameijenga mwenyewe. Mpe muda wa kuufurahia.

Zima mashine zote tatu na uzichukulie snapshoti iitwayo `mwanzo`. Kila zoezi litaanzia hapo.

Hatua ya saba: vunja, kisha ufundishe

Hapa ndipo maabara inapolipa. Nitaeleza zoezi moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote.

Wanafunzi wakiwa nje ya chumba, endesha amri moja kwenye seva: `ip route del default`. Wakirudi, waambie tu kwamba wavuti haifunguki kutoka ofisini. Wengi watapiga `ping 10.10.2.10` kutoka kwa mteja na kuona kimya. Watakwenda kwenye ruta, kwa sababu ruta ndiyo iliyo katikati na ndiyo yenye mipangilio mingi. Watakagua `ip_forward`, wataikuta ni 1. Watakagua anwani, watazikuta sahihi. Wapo watakaoanza kuiandika upya fayawoli. Wazuie, na uwaombe wasikilize kwenye kadi inayotazama seva:

    tcpdump -n -i enp0s9 icmp

Skrini itaanza kuandika:

    IP 10.10.1.100 > 10.10.2.10: ICMP echo request, id 1, seq 1, length 64
    IP 10.10.1.100 > 10.10.2.10: ICMP echo request, id 1, seq 2, length 64
    IP 10.10.1.100 > 10.10.2.10: ICMP echo request, id 1, seq 3, length 64

Nyamaza. Waache waisome. Ombi linatoka, linatoka, linatoka, na hakuna hata jibu moja linalorudi. Ruta imefanya kazi yake yote. Baada ya muda mmoja wao atanyoosha kidole kwenye karatasi, juu ya mstari unaotoka seva kurudi kwenye ruta, na kuuliza kama seva inaijua njia ya kurudi. Kwenye seva, `ip route` itaonyesha mstari mmoja tu:

    10.10.2.0/24 dev enp0s3 proto kernel scope link src 10.10.2.10

Seva inawajua majirani zake na haimjui mtu mwingine duniani. Ikijaribu yenyewe kupiga `ping 10.10.1.100`, itajibiwa `Network is unreachable`. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa miguu yake mwenyewe hatasahau kwamba kila mawasiliano yana safari mbili, na kwamba njia ya kwenda haithibitishi njia ya kurudi. Nimewahi kulieleza jambo hilo ubaoni kwa vipindi viwili bila kupata matokeo ya dakika 20 za zoezi hili.

Makosa mengine yanayofundisha vizuri ni kinyago cha mtandao kuandikwa /16 badala ya /24 upande mmoja, mashine mbili kupewa anwani moja, `dnsmasq` kusimamishwa ili anwani zifanye kazi lakini majina yasifanye kazi, na kebo kuchomolewa kutoka nje ya mashine:

    VBoxManage controlvm seva setlinkstate1 off

Vunja kitu kimoja kwa zoezi moja. Makosa mawili kwa pamoja humchanganya anayeanza, na hayamfundishi lolote kati ya hayo mawili. Mtake pia mwanafunzi aandike, kabla ya kila amri, anachotarajia kukiona. Matarajio yasiyotimia ndiyo yanayomwelekeza kwenye hitilafu. Zoezi likiisha, zima mashine na uirudishe:

    VBoxManage snapshot seva restore mwanzo

Mazoezi ya usalama

Ukitaka kufundisha mashambulizi na kinga, unaweza kuweka kwenye mtandao wa `huduma` mashine iliyojaa udhaifu kwa makusudi, kama Metasploitable 2 inayotolewa na Rapid7. Kabla ya kuiwasha, elewa jambo ambalo wakufunzi wengi hawalitambui: `nat` huzuia watu wa nje wasiingie, lakini haiizuii mashine yako kutoka. Mwanafunzi anayechanganua mitandao kutoka kwa mteja anaweza kupitia ruta na kuzifikia kompyuta halisi za chuo. Kwa hiyo chomoa kadi ya kwanza ya ruta kabla ya zoezi kwa `VBoxManage controlvm ruta setlinkstate1 off`, na uhakikishe mbele ya darasa kwamba hakuna kinachotoka.

Waeleze pia kwa nini. Kujaribu mbinu hizo kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni jinai, nchini Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na nchini Kenya chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Ndani ya `intnet` wanaruhusiwa kila kitu. Nje yake hawaruhusiwi chochote.

Kupeleka maabara kwa darasa zima

Kama kompyuta za wanafunzi zina nguvu ya kutosha, njia rahisi ni kuzihamisha mashine zote kwenye faili moja na kuligawa kwa flashi:

    VBoxManage export ruta seva mteja -o maabara.ova

Ambatanisha matokeo ya `sha256sum maabara.ova` ili kila mmoja ahakikishe kwamba nakala yake imefika nzima. Flashi za bei nafuu huharibu mafaili makubwa bila kutoa ishara yoyote. Anayepokea huchukua snapshoti ya `mwanzo` yeye mwenyewe, kwa kuwa faili la OVA halibebi snapshoti.

Kama kompyuta zao ni dhaifu, tafuta seva moja na uiwekee Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe nyingi kwenye seva moja, ambayo ni ya bure na huendeshwa kupitia kivinjari. Hesabu ni nyepesi: wanafunzi 20, kila mmoja na mashine tatu za MB 512, ni GB 30, kwa hiyo seva yenye RAM ya GB 64 itawatosha na kubakiza nafasi. Kila mwanafunzi apewe madaraja (swichi pepe) yake mawili ya ndani yasiyofungwa kwenye kadi halisi yoyote.

Umeme ukikatika katikati ya zoezi, diski pepe inaweza kuharibika. UPS (betri ya akiba) ndogo inayokupa dakika kumi inatosha, mradi uwe umeandika mapema hati fupi ya kuhifadhi hali ya kila mashine kwa `VBoxManage controlvm ruta savestate` na nyinginezo. Umeme ukirudi, mashine huendelea pale pale zilipoishia, hata `ping` iliyokuwa ikiendelea.

Kwa mtihani wa vitendo, mpe kila mwanafunzi mtandao wake kutokana na namba yake ya usajili, kwa mfano mwenye namba 27 atumie 10.27.1.0/24 na 10.27.2.0/24. Kunakili kwa jirani kutamletea mtandao usiofanya kazi. Msahihishaji naye huhitaji amri tatu tu kwa kila mmoja: `ip route` kwenye ruta, `ip route` kwenye seva, na `curl` kutoka kwa mteja.

Mwishoni mwa muhula, futa kloni zote na uibakize `msingi` pamoja na snapshoti yake ya `safi`. Kabla ya muhula unaofuata, iwashe na usasishe vifurushi vyake. Rudia usafishaji wa utambulisho kama ulivyoelezwa katika hatua ya nne, uchukue snapshoti mpya yenye tarehe katika jina lake, na uanze kuzalisha upya kutoka hapo.